Wilfred Lwakatare na Kiti cha Bukoba Mjini

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja wa mji huu wa Bukoba, Wilfred Lwakatare, na kiti alichokikalia mara mbili, kwa tiketi ya vyama viwili, na katikati ya mara hizo mbili pana miaka 10 ya kukaa nje. Niseme mapema, maana kuna wanaochanganya majina: simzungumzii marehemu Mchungaji Getrude Rwakatare, mbunge wa Viti Maalumu aliyefariki Aprili 2020. Yule alikuwa CCM, na jina lake linaanza na R.

Kwa nini yeye, wakati Kagera imetoa watu wakubwa zaidi? George Kahama alitoka kwenye ushirika wa kahawa hapa Bukoba akaingia baraza la mawaziri mwaka 1959, hata uhuru haujaja. Profesa Anna Tibaijuka aliongoza UN-Habitat kule Nairobi kwa miaka 10 kabla ya kuja kuomba kura Muleba Kusini. Hao ni watu ambao ukifungua kitabu cha historia ya nchi unawakuta. Lwakatare ni mwanasiasa wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiye wa aina iliyo nyingi zaidi katika miji ya mikoani: siasa yake ukiitoa Bukoba Mjini haina pa kulala. Kila alipopanda alipandia hapa, na kila alipoanguka aliangukia hapa hapa, mbele ya watu wanaomjua mpaka kwao.

Turudi mwaka 2000. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa na miaka minane tu. Kwa watu wengi wa bara, CUF kilikuwa chama cha Pemba na pwani, cha watu wa mbali. Sasa mji ulioko ng'ambo ya ziwa, karibu na Uganda kuliko Dar es Salaam, unampeleka bungeni mbunge wa CUF. Walioutazama mji wetu kutoka mbali walishangaa. Wa hapa hawakushangaa sana. Watu walimjua Lwakatare, wakampa kura, na bendera aliyokuja nayo wakaipokea kama ilivyo. Ukimuuliza mzee aliyepiga kura mwaka ule atakueleza habari za mtu, ni nani na alisema nini pale Uwanja wa Mayunga. Ukimwomba akueleze sera za CUF atakupa kahawa ya kutafuna na kubadilisha mazungumzo.

Mnazijua kahawa hizo, zile zinazochemshwa zikiwa na ganda, zikakaushwa, zikafungwa kwenye jani la mgomba na kuuzwa stendi. Siasa nyingi za mtaa wa Bilele zinazungumzwa huku watu wakizitafuna. Anakuja mtu, anapewa punje mbili tatu, anakaa, na kabla hazijaisha utamu keshajua nani kahongwa na nani kakatwa jina. Mwanasiasa asiyeketi kwenye benchi hizo haingii moyoni mwa mji huu, awe na shahada ngapi. Na shahada hapa, waitu, hazijawahi kuadimika.

Alipofika bungeni, Lwakatare alijikuta katika nafasi ya ajabu. CUF kilikuwa hakiyatambui matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar. Januari 2001 maandamano yalifanyika Unguja na Pemba, polisi wakafyatua risasi, watu wakauawa, wengine wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Wabunge wa CUF kutoka Pemba walisusia vikao vya Bunge la Muungano mpaka wakapoteza viti vyao. Muafaka kati ya CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba 2001, lakini viti hivyo vilijazwa tena kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2003. Mbunge wa Bukoba Mjini hakupoteza kiti. Katika Bunge hilo la 2000 hadi 2005, Mhaya huyu wa CUF ndiye aliyekuja kuwa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, na katika chama akawa Naibu Katibu Mkuu kwa upande wa Bara.

Hebu fikirini hesabu yake. Nguvu ya kambi inatoka Pemba, kura zake yeye zinatoka Kashai, hapa Bukoba. Wenzake wanataka azungumzie katiba ya Zanzibar na tume ya uchaguzi; waliomtuma wanataka maji, barabara, na meli. Kumbukeni MV Bukoba ilizama Mei 1996, na mji huu ulikuwa bado na kidonda. Kiongozi wa Upinzani anaonekana kwenye televisheni, anajibu hotuba ya Waziri Mkuu, anasafiri. Mbunge wa mji mdogo anatakiwa aonekane msibani. Mtu mmoja hawezi kuwa sehemu zote mbili, na mimi ninaamini, ingawa hakuna anayeweza kulithibitisha hilo kwa hesabu, kwamba cheo kile cha Dodoma kilimpunguzia kura nyumbani.

Mwaka 2005 CCM kilimleta Balozi Khamis Kagasheki. Hilo lilikuwa chaguo la watu wenye akili. Mji wenye majivuno ya elimu na safari ukaletewa mwanadiplomasia, mtoto wa hapa, mwenye jina la familia inayojulikana, na chama kinachoshika serikali nyuma yake. Lwakatare akashindwa. Mwaka 2010 akarudi, safari hii akiwa amehamia CHADEMA, akashindwa tena na Kagasheki yuleyule.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu habari za wanasiasa huandikwa kwa miaka waliyoshinda. Miaka iliyobaki inarukwa kana kwamba mtu alilala. Fikirini mtu aliyekuwa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani Bungeni, anarudi mtaani bila gari la serikali, bila posho, bila katibu. Watu bado wanamwita Mheshimiwa, na wanaomwita hivyo bado wanategemea mchango wake kwenye harusi. Chama cha upinzani hakina mkoa wa kumpa auongoze wala bodi ya shirika la kumweka apumzike. Mwenzake wa CCM akishindwa kura anaweza kuamka asubuhi akasikia jina lake kwenye taarifa ya habari, kateuliwa. Wa upinzani anabaki na benchi, kahawa za kutafuna, na uchaguzi ujao. Wengi huishia hapo. Wengine huhama, na hatuna haja ya kuwataja, tunawajua.

Lwakatare hakuishia hapo, lakini alipata mtihani ambao si wa kawaida. CHADEMA kilikuwa kimempa kazi ya Mkurugenzi wa Ulinzi na Usalama wa chama. Machi 2013 alikamatwa kuhusiana na mkanda wa video uliosambazwa kwenye mtandao, akafikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akishitakiwa kwa makosa ya ugaidi. Nchi nzima ikawa inalijadili jina la mtu wa Bukoba. Mwezi Mei Mahakama Kuu ikayafuta mashitaka ya ugaidi, likabaki shitaka jingine moja, na Juni akatoka kwa dhamana. Sina haja ya kuifanya redio hii kuwa mahakama. Ninalotaka mlione ni kwamba mtu aliyekaa rumande kuanzia masika mpaka kiangazi kwa tuhuma nzito namna ile, miaka miwili baadaye alisimama Bukoba kuomba kura, na akapewa.

Alipewaje? Wapenzi wa CHADEMA watasema ni nguvu ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na wimbi la Lowassa, mgombea wao wa urais. Limo, sikatai. Lakini Bukoba Mjini ilikuwa na sababu yake ya nyumbani, nayo ilitengenezwa na CCM wenyewe, pale kwenye baraza la madiwani.

Mnaukumbuka ugomvi ule. Halmashauri chini ya Meya Dk. Anatory Amani ilikuwa na miradi mikubwa: upimaji wa viwanja, na ujenzi mpya wa soko kuu. Mbunge Kagasheki, wa chama kilekile, akaipinga namna miradi hiyo ilivyokuwa inaendeshwa. Wenye vibanda sokoni wakaingiwa na hofu ya kuhamishwa bila kujua watarudije. Madiwani wa CCM wakagawanyika, kundi moja kwa meya na jingine kwa mbunge, na wapo walioungana na wa upinzani kutaka kumwondoa meya. Agosti 2013 CCM mkoa ikawafukuza uanachama madiwani wake wanane. Kamati Kuu ya chama kule juu ikautengua uamuzi huo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akaletwa, ripoti yake ikasomwa hapa Januari 2014, na meya akaachia kiti. Mwezi mmoja kabla, Desemba 2013, Kagasheki naye alikuwa ametangaza bungeni kujiuzulu uwaziri wa Maliasili na Utalii kwa sababu ya maovu yaliyofanywa katika Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili.

Kwa hiyo ilipofika Oktoba 2015, nyumba ya CCM Bukoba ilikuwa na wapangaji wasiosalimiana. Na soko? Wachuuzi waliendelea kupanga ndizi na dagaa chini ya mabati yaleyale. Mama aliyeuza nyanya pale hakuhitaji kusoma ripoti ya CAG kujua kwamba wakubwa wamegombana miaka mitatu na yeye bado analoweshwa na mvua. Lwakatare akashinda ubunge, CHADEMA wakapata madiwani wa kutosha kuunda halmashauri, na meya akatoka kwao.

Sisi Wahaya tunaijua butura: mkulima ana shida, anauza kahawa ikiwa ua mtini, kwa bei ya kutupa, halafu msimu ukifika anavuna mali ya mwingine. Nchi hii siasa zake za mikoani ni butura. Mpiga kura anauza kura yake ikiwa ua, kwa ahadi ya soko, ya stendi, ya kiwanja, na mavuno yakija anakuta yamekwisha kuandikwa jina la mtu mwingine. Ila mwaka 2015 watu wa mji huu walikataa kuuza kwa mnunuzi yuleyule. Kama walipata bei nzuri zaidi, hilo ni swali jingine, na jibu lake si zuri sana.

Maana mkisikia upinzani umeshika halmashauri msidhani umeshika fedha. Mkurugenzi wa manispaa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa vilevile. Ruzuku inatoka Hazina. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani na ana kura moja kama diwani yeyote. Anasimamia Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao ni fedha za kumalizia darasa na kununua mabati, si za kujenga soko. Miaka mitano ile ilikuwa ya Rais John Magufuli, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa isipokuwa mbunge katika jimbo lake, na mapato ya halmashauri yaliendelea kuhamia serikali kuu. Kodi ya majengo, kwa mfano, ilihamishiwa mamlaka ya mapato, TRA, mwaka 2016. Hapo hata ungempa malaika umeya wa Bukoba angeishia kuandika barua.

Halafu likaja tetemeko. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, kipimo cha 5.9. Watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Ihungo na Nyakato zikawa magofu, shule zilizosomesha nusu ya wakubwa wa nchi hii, kama tunavyopenda kujisifu. Michango ikamiminika. Kamati ya maafa ikaongozwa na mkuu wa mkoa; ndani ya mwezi huohuo viongozi wa utumishi katika mkoa na manispaa wakaondolewa kazini kwa habari ya akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina linalofanana na la mfuko wa maafa. Januari 2017 Rais alikuja Ihungo akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Fedha zitakwenda kwenye taasisi za umma. Ihungo ikajengwa upya, tena vizuri. Nyumba za mitaani kama Hamugembe kila mtu akazibia ufa wake kwa alichonacho.

Mbunge wa upinzani siku kama zile hana anachogawa. Fedha si zake, kamati si yake, na akilalamika anaambiwa analeta siasa kwenye msiba. Anachobaki nacho ni mdomo na kile kiti cha Dodoma. Na miezi michache tu kabla ya tetemeko, wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika Tulia Ackson alipoingia kuongoza kikao, wengine wakiwa wamejibandika karatasi midomoni. Mimi nilipinga mtindo ule wakati ule na bado naupinga. Chama cha kitaifa kinaweza kususia; kina hoja yake na kina wapiga kura nchi nzima. Mji wenye kiti kimoja, ukikisusia, umebaki na nini?

Nadhani hapo ndipo unapopatikana ufunguo wa mwisho wake bungeni. Mwishoni mwa Aprili 2020 na mwanzoni mwa Mei wabunge watatu walifariki katika muda wa siku kumi na mbili hivi, wakati wa korona. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, akawaagiza wabunge wake watoke bungeni wajitenge kwa siku 14. Spika Job Ndugai akawataka warudi au warudishe posho. Wapo waliotoka. Lwakatare alikuwa miongoni mwa waliobaki. Mwezi huohuo chama kikatangaza kuwafukuza uanachama wanne: Anthony Komu, Joseph Selasini, David Silinde na Wilfred Lwakatare.

Walio CHADEMA walimwita msaliti. Nawaelewa, agizo ni agizo, na wakati ule chama kilikuwa kinabanwa kila upande, kila aliyebaki ukumbini alionekana kama anampa adui maji. Isitoshe Mbowe hakutoa agizo lile kwa kupenda likizo. Watu walikuwa wanakufa, na siku hizohizo serikali ikaacha kutoa takwimu. Kwenye hoja ya afya, naona chama kilikuwa na haki kuliko Bunge. Lakini mtazameni Lwakatare kuanzia mwanzo. Mwaka 2001 alikuwa CUF, wenzake wa Pemba wakasusia, kiti cha Bukoba kikabaki na mtu. Mwaka 2020 yuko CHADEMA, wenzake wakatoka, kiti cha Bukoba kikabaki na mtu. Vyama vimebadilika, wenyeviti wamebadilika, yeye kwenye jambo hilo moja hakubadilika. Baadaye akarejea CUF alikotokea, na hapo hakukuwa na mshangao wowote kwa wa hapa.

Sheria yetu haimruhusu mtu kukalia kiti cha mji wake bila chama. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inasema akikosa uanachama amekosa ubunge. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi maisha yake yote. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaurudisha mpira kwa Bunge, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki tena Juni 2013, mwezi uleule Lwakatare alipotoka kwa dhamana. Serikali haikuitekeleza hukumu ile. Laiti ingetekelezwa, naamini Bukoba Mjini ingekuwa jimbo la kwanza au la pili nchini kumpeleka bungeni mtu asiye na bendera, na mtu mwenyewe mngemjua.

Badala yake ikawa hivi: mwaka 2020 Lwakatare amefukuzwa chama, katiba inasema kiti kimekwenda, na Spika wa CCM anasema kaa. Alikaa mpaka Bunge likavunjwa. Ulinzi wa namna hiyo unatia aibu kidogo, kwa sababu Spika hakumlinda kwa kuipenda Bukoba. Lwakatare aliupokea. Kwenye orodha ya mambo ninayoona hakuyafanya vizuri, hilo naliweka juu ya kuhamahama kwake.

Oktoba 2020 CCM kikalichukua jimbo kwa Stephen Byabato. CHADEMA nchi nzima kilibaki na mbunge mmoja wa kuchaguliwa jimboni, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini. Novemba ile wanawake 19 wakiongozwa na Halima Mdee wakaapishwa kuwa wabunge wa Viti Maalumu, chama kikasema hakikuwapeleka, kikawafukuza, na Spika yuleyule akasema kaeni. Walikaa. Tofauti yao na Lwakatare ni kwamba wao hawakuwa na mji wa kuurudia na kuuliza kama ulitaka wakae au watoke. Yeye alikuwa nao, na kwa kuwa hakugombea tena, hatukupata nafasi ya kumjibu.